Nisome Riwaya Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukishajulikana kuwa una kabati la riwaya za Kiswahili, simu haitulii. Huyu anataka cha kusoma ndani ya basi la Mwanza, yule ana mtoto kidato cha pili, mwingine ameachwa na mchumba na anatafuta kitabu cha kulilia. Maswali yenyewe hujirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa kila mara. Mapendekezo ni yangu na yana upendeleo wangu: napenda riwaya inayoanza kusimulia mapema, na mwandishi anayehubiri hunichosha haraka. Usipokubaliana nami, lete yako tubishane.

Sijagusa riwaya tangu nimalize shule. Nianze na ipi?

Anza na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Nimewapa watu wa kila aina, na ni wachache walioirudisha bila kuimaliza.

Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, ana miaka 15, na ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye angeweza kabisa kuwa baba yake. Anatoroka. Ndugu zake hawamtaki tena, na anaishia kwa Mwajuma, Ng'ambo, upande wa mji ambao watu wa kwao hawaukanyagi. Hapo ndipo riwaya inapofunguka. Mwajuma hana kitu, lakini mlango wake uko wazi, mdomo wake haulali, na kila anapoingia ukurasani unasikia mtaa mzima nyuma yake. Kisha anatokea Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayepigania uhuru kwa siri huku Inspekta Wright na Koplo Matata wakimwinda. Ni miaka ya 1950. Siasa na mapenzi vimesukwa pamoja hivi kwamba huwezi kuruka kurasa za siasa ukidhani utayakuta mapenzi mbele. Utakosa yote mawili.

Ila nina sharti moja: soma bila kalamu mkononi. Wengi wetu tulifundishwa kusoma riwaya ili tujibu swali la "kwa kutumia riwaya mbili, toa hoja tatu kutoka katika kila kitabu". Ukawa unasoma huku unawinda dhamira, ujumbe na nafasi ya mwanamke, na mhusika akifa unafurahi kwa sababu umepata hoja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wazima kudhani hawapendi riwaya. Wanachokichukia ni mtihani.

Kama unene wa kitabu unakutisha, chukua *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili, mzaliwa wa Tanga, anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Ni fupi, inatembea, na Kiswahili chake kinapendeza bila kujikaza. Kuna Wakenya wa rika fulani ambao ukiwatajia tu Msanifu Kombo, jina la utani la Kongowea, uso unabadilika.

Filamu ya *Vuta N'kuvute* ipo. Nikiitazama kwanza kuna ubaya?

Filamu ya Amil Shivji (2021) ni nzuri, na imepigwa kwa macho ya mtu anayeipenda Zanzibar. Lakini imechagua Yasmin na Denge, na mambo mengi ya kitabuni yamebaki kitabuni. Soma kwanza. Ukitazama baadaye utafurahia hata kugombana nayo.

Kila mtu ananitajia *Rosa Mistika*. Ni nzuri hivyo, au ni jina tu?

Ni nzuri, na jina lake limekuzwa na ugomvi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliitoa mwaka 1971 akiwa bado kijana wa ishirini na kitu, na kwa muda ilizuiwa mashuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ambayo watu wazima walikuwa wakiyanong'ona: baba mlevi mwenye mkono mwepesi, wasichana wa bweni, walimu na wakubwa wanaowatumia. Baadaye ikaja kufundishwa madarasani humo humo.

Kinachonishika mimi si ujasiri wake. Ni kasi. Kezilahabi anaandika sentensi fupi, kavu, na ananyima huruma pale unapoitarajia. Zakaria, babake Rosa, haelezwi sana. Unamwona tu akirudi nyumbani, na unawaona watoto wanavyobadilika anapokaribia.

Usimpe mtu aliye katika kipindi kigumu bila kumwambia kwamba kuna kujiua ndani yake. Hilo nalisema hata kama ni kumtobolea mwisho. *Kichwamaji* (1974) pia inahitaji onyo hilo hilo. Mhusika wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini akiwa na kisasi moyoni na maswali kichwani, na maswali ndiyo yanayomla zaidi. Kati ya hizo mbili mimi naipenda *Kichwamaji*, ingawa najua niko upande wa wachache.

Nimeanza *Nagona* nikashindwa. Nina tatizo?

Huna. *Nagona* (1990) na mwenzake *Mzingile* (1991) ni vitabu vyembamba ambavyo Kezilahabi huyo huyo aliandika baada ya kuchoka kusimulia kwa namna iliyozoeleka. Humo wakati haufuati saa, wafu na wanafalsafa wanatembea, na hadithi haikushiki mkono. Watu huvichukua kwa sababu ni vifupi, wakidhani watavimaliza kwa jioni moja. Visome kwa sauti, kurasa chache chache, usitafute "kinatokea nini". Ukishindwa tena, viache. Jaribu *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo kigogo anayeitwa K anatembelewa na mzimu wa babu yake. Nayo inacheza na mauzauza, ila inacheka, na unajua hasira yake inamlenga nani.

Nataka ya upelelezi.

Inategemea unapenda kichwa au ngumi.

Ukipenda kichwa, nenda kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikachapishwa 1960. Mzee tajiri ameuawa, na maiti imekutwa mahali pa mzimu ambapo watu wazima na akili zao huogopa kupita. Polisi wanahangaika. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza jambo ambalo halina uhusiano wowote na mauaji, rafiki yake Najum anashangaa kwa niaba yetu sote, na Inspekta Seif anakimbilia kumkamata mtu asiyehusika. Ndiyo, Sherlock Holmes yumo humo, na mwandishi hakujaribu kumficha. Ila angalia siri zenyewe zinavyofumbuliwa. Mara nyingi jibu halimo kwenye alama ya kiatu, limo kwenye ukoo: nani alizaa na nani, nani alilelewa na asiye mzazi wake, ndoa ipi ilifichwa. Katika mji mdogo wa kisiwani, ambako kila mtu anadai anajua nasaba ya kila mtu, hiyo ndiyo siri inayoweza kuua.

Baada ya hiyo, fuata *Kisima cha Giningi* (1968), kisha *Duniani Kuna Watu* (1973), ambayo naiweka juu kuliko zote. Mazungumzo ni marefu na watu hawana haraka ya kuondoka barazani. Kama unasoma ndani ya daladala huku unahesabu vituo, Bwana Msa atakuudhi. Mpe usiku.

Ukipenda ngumi, kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali, safi, hodari, mpenda suti, na katika *Kikosi cha Kisasi* anapelekwa Kinshasa kupambana na wauaji wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Soma ukijua kwamba ni zama za kupambana na makaburu, na kijana wa Kitanzania aliyesoma vitabu hivyo wakati ule alijiona mwenye kazi kubwa duniani. Joram Kiango ana giza zaidi, ana ulimi mkali, na Mtobwa alimzidi Musiba kwa kalamu. *Lazima Ufe Joram* ni pa kuanzia pazuri. Wanawake katika vitabu vya namna hii mara nyingi wapo ili kupendeza na kufa, na hilo halijazeeka vizuri; Nuru, mwenzake Joram, ana nafasi kubwa kidogo kuliko wengi wao.

Mtobwa huyo huyo ana *Dar es Salaam Usiku* (1990), ambayo haina upelelezi. Kama unaujua mji huu, utataka kuona ulivyokuwa ukikesha.

Za mapenzi tu, zisizo na siasa?

Kwa Kiswahili hilo ni gumu. Waandishi wetu wakianza na busu huishia na kiwanja, mahari au serikali.

*Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili. Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtaka Bahati, msichana maskini. Anamtumia kijana Idi kuwa daraja. Sasa kijana naye ana kiu yake. Mwandishi hana ukurasa wa kupoteza. Kila mtu anasema neno tamu, na kila neno lina bei. Ukiwa umeachwa wiki hii, usiiguse. Itakuthibitishia mabaya yote unayowaza.

*Nyota ya Rehema* (1976), ya mwandishi huyo huyo, ni ndefu na yenye subira. Rehema anasukumwa nje ya haki yake tangu utotoni, na mapenzi yanapokuja hayaji kama zawadi. Ardhi ni sehemu kubwa ya kitabu hicho.

Wengi wanaoniuliza swali hili kwa kweli wanatafuta hadithi za magazetini na zile zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Sizidharau hata kidogo. Mwandishi anayeweza kumfanya dada wa saluni alipie sehemu ya 14 usiku wa manane anajua jambo ambalo maprofesa wengi wa fasihi hawalijui. Ninachowaambia ni kwamba *Kiu* inafanya kazi ile ile, na mwisho wake upo tayari mkononi mwako.

Je, lazima nimsome Shaaban Robert?

Si lazima. Ila kama utamsoma, usianzie pale ulipolazimishwa shuleni.

Shaaban Robert (1909–1962) ni mzaliwa wa Tanga, na sifa zote anazopewa anazistahili, lakini riwaya zake si riwaya kwa maana ya Adam Shafi au Kezilahabi. Watu wake wana majina kama Majivuno na Utubora, na tabia zao haziendi mbali na majina yao. Ukitaka mhusika atakayekushangaza, hutampata. Anachokupa ni hoja, na hoja hizo amezivalisha Kiswahili ambacho bado hakijapata mpinzani.

*Kusadikika* (1951) ndiyo pa kuingilia. Nchi iko angani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na mbele ya mfalme anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo mema, wakaadhibiwa kwa kuyaleta. Soma hotuba za Waziri Majivuno polepole. Kisha kumbuka kwamba mtu aliyeandika haya alikuwa karani chini ya serikali ya mkoloni. Hapo ndipo nchi ya angani inaposhuka ikagusa ardhi.

*Utubora Mkulima*, iliyochapishwa baada ya kifo chake, ina mtu anayeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Kila ninapompa mfanyakazi wa ofisini hunirudishia akiwa kimya kwa namna ya kutia wasiwasi.

Kiswahili cha waandishi wa Zanzibar kinanishinda. Nisome na kamusi?

Kamusi iwepo, lakini usiifungue kila mstari. Tia alama kwa penseli, endelea, rudi mwisho wa sura. Maneno mengi utayaelewa yakitokea mara ya pili. Ugumu wa Said Ahmed Mohamed kwa mfano hauko kwenye msamiati peke yake; anapenda sentensi ndefu inayozunguka, na kupachika methali katikati ya ugomvi.

Anza naye kwa *Utengano* (1980). Maimuna amefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye heshima kubwa barabarani na mkono mzito nyumbani. Siku moja mlango unafunguka na Maimuna anatoka, naye hajui chochote kuhusu dunia iliyoko nje. Mwandishi hamsamehi mtu. Kisa kinakukokota hata pale lugha inapokuwa nzito, na ndiyo maana nakiweka kabla ya *Asali Chungu* (1977).

Kwa mtu wa bara anayetaka Zanzibar kwa lugha iliyonyooka zaidi, *Kuli* (1979) ya Adam Shafi. Rashidi, mchukuzi wa bandarini, na mgomo wa makuli wa 1948. Utaona gunia linavyobebwa, na mgongo unavyolipwa.

Waandishi wanawake wako wapi?

Wapo, ila wachapishaji na mitaala iliwaweka pembeni kwa muda mrefu. Martha Mvungi alitoa *Hana Hatia* mwaka 1975. Zainab Burhani aliandika *Mali ya Maskini* (1981) na *Mwisho wa Kosa* (1987), na Wakenya wengi waliisoma hiyo ya pili shuleni. Assumpta Matei na *Chozi la Heri*, Clara Momanyi na *Nguu za Jadi* (2021): hawa wote wawili wamesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya kwa sababu vitabu vyao vilitahiniwa.

Nikipewa nafasi ya moja tu, natoa *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Tuzo hiyo, iliyoanzishwa 2014, imetuletea majina mapya ambayo pengine yangebaki kwenye miswada. *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza nayo ilipitia huko. Tanzania sasa ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Fuatilia orodha za washindi. Si kila mshindi atakufaa, lakini utasoma waandishi walio hai, ambao wanaweza kukusikia ukiwasifu.

Mwanangu yuko sekondari na anasoma "mwongozo" badala ya riwaya. Nifanyeje?

Usimpokonye mwongozo, mtihani ni mtihani. Mpe riwaya nyingine ambayo haimo kwenye mtihani, na usimuulize maswali juu yake.

Kwa mtoto wa miaka 13 hivi, *Takadini* ya Ben Hanson, ingawa iko pia kwenye orodha za shule Tanzania, inasomeka kama hadithi halisi: Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii inayomtaka afe, na anamkimbiza kumwokoa. *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo inawashika watoto wa mjini kwa sababu wanawajua watu wake kwa sura. Akifika kidato cha tatu au cha nne mpe Bwana Msa. *Rosa Mistika* isubiri kidogo, au isomeni pamoja.

Kwa Kenya, *Kidagaa Kimemwozea* ya Walibora ilisomwa sana hivi kwamba nakala zake zimejaa kila mahali, zikiwa na maelezo ya kalamu nyekundu pembeni. Mnunulie mtoto nakala isiyoandikwa. Majibu ya mwenzake ukingoni yanamharibia usomaji kuliko mwongozo wenyewe.

Nataka kitabu kinene nikae nacho mwezi mzima.

*Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981) aliiandika kwanza kwa Kikerewe miaka ya 1940, hakupata wa kuichapisha, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka 1980. Fikiria hiyo miaka yote.

Kisa ni chepesi kukisema: mume na mke wanapendana, hawajajaliwa mtoto aliyekaa, ndugu wanaingilia, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumrudisha. Lakini Kitereza hana nia ya kukufikisha upesi. Wakwe wakidai pombe ya ndizi, utakaa naye hadi ndizi zivunde, zikamuliwe, zichachuke. Mtu akiugua, utaijua dawa na anayeichimba. Wakienda kuvua, utajua chombo, mtego na samaki. Wapo wanaoona kurasa hizo ni za kuruka. Mimi naona ndizo riwaya yenyewe, maana mapenzi ya Myombekere hayaonekani kwenye maneno yake, yanaonekana kwenye kazi anayokubali kuifanya ili mkewe arudi. Isome kidogo kidogo kila usiku kabla ya kulala. Mzee wa Kanda ya Ziwa ukimpa kitabu hiki atakisoma huku akikusahihisha.

Na kitu cha ajabu ajabu, nchi za kubuni?

*Walenisi* ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa, na badala ya kufa anatua katika nchi inayoendeshwa tofauti kabisa na kwao. *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ni safari ya namna nyingine, yenye dhihaka kali. Ukizipenda zote mbili, rudi *Kusadikika* uone mbegu ilipoanzia.

Tafsiri unazihesabu?

Nazihesabu. *Peponi*, ambayo ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis (Mkuki na Nyota, 2022), naisukuma kwa kila mtu. Yusuf, mtoto aliyetolewa na babake kwa tajiri ili kulipa deni, anaandamana na msafara kwenda bara. Gurnah alipata Nobel 2021 na watu wengi wa pwani walikuwa hawajawahi kumsoma. Za zamani zipo: *Shujaa Okonkwo*, ambayo Clement Ndulute aliitoa 1973 kutoka kwa Chinua Achebe, na *Shamba la Wanyama* ya Fortunatus Kawegere (1967), kutoka kwa George Orwell. Hiyo ya mwisho ni nyembamba, na kijana yeyote anaimaliza kwa wikendi moja.

Una PDF?

Sina, na ukinitumia sifungui. Soko la riwaya ya Kiswahili isiyo kwenye mtaala ni dogo mno, na mchapishaji huamua kurudia kuchapisha kwa kuangalia nakala zilizouzwa. Nakala moja inayozungushwa kwenye Telegram inatosha kumwambia kwamba kitabu hakina wanunuzi.

Basi nitavipata wapi?

Dar es Salaam, anza na duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora. Vitabu vilivyoacha kuchapishwa, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukavisome hapo hapo. Nairobi kuna wauzaji wa "inama" wanaopanga vitabu chini kando ya barabara. Riwaya zilizotoka kwenye mtihani huishia huko kwa bei ya soda kadhaa. Angalia kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Nakala nyingi za shule zimeng'olewa sura ya mwisho.

Nimpendekezeeje mwenzangu kitabu akipende kweli?

Hili ndilo swali ambalo nalijibu kwa ukali kidogo. Watu hupendekeza vitabu wanavyoviheshimu. Ukimuuliza mtu riwaya bora ya Kiswahili, anavuta pumzi, anataja kitabu kikubwa alichokisoma kidato cha sita, na ukimbana anakiri hajakifungua tena tangu hapo. Mpe mtu kile kilichokunyima usingizi, hata kama kina jalada la aibu lenye bastola na mwanamke mwenye gauni jekundu.

Muulize kwanza mambo mawili. La kwanza, hadithi gani ya mwisho aliyomsimulia mtu mwingine, iwe ya sinema, ya kwenye gazeti au ya jirani. Anayesimulia kesi ya mirathi ya ukoo wake kwa saa nzima ni msomaji wa Bwana Msa, hata kama hajui. La pili, anasoma wapi na saa ngapi. Mama anayesoma dakika kumi huku chungu kiko jikoni anahitaji sura fupi, usimbebeshe Kitereza.

Halafu sema kidogo. Sentensi moja ya hali, si ya maana. Ukisema "kinahusu ukombozi wa mwanamke" umemrudisha darasani. Ukisema "kuna msichana hajawahi kutoka nje ya nyumba yao, na leo mlango uko wazi", atanyoosha mkono. Mwisho usiuguse, na usisimame juu ya kichwa chake kila siku ukimuuliza amefika wapi.

Nilimpa rafiki yangu kitabu ninachokipenda sana, akaniambia hakina lolote. Nimejisikia vibaya.

Muulize alifika ukurasa gani. Kama alikimaliza, mmepata ugomvi mzuri wa kunywea chai. Kama aliishia ukurasa wa 20, mpe kingine chepesi, na hicho kitakuja chenyewe siku moja.

Wewe unaazimisha?

Naazimisha, kwa daftari. Jina, kitabu, tarehe ya kuchukua. Kimoja kwa kila mtu. Mwenye kitabu zaidi ya miezi miwili hapewi kingine hata akija na keki. Vile ambavyo havipatikani madukani havitoki nyumbani. Karibu uvisome hapa sebuleni, chai ipo. Na kama wewe ndiye uliyeondoka na *Miradi Bubu ya Wazalendo* ya Gabriel Ruhumbika kabla sijaanza daftari, nakuomba uirudishe. Sitauliza kitu.